Kupunguza

Mbegu ya bitiruti si mbegu moja.
Ni kifundo cha kahawia, kinakwaruza kiganja,
na ndani yake wamelala watatu, pengine wanne,
wamebanana kama ndugu wa kitanda kimoja.

Hilo alinifundisha Zenon, mwaka tulipopewa kiwanja hiki,
namba arobaini na tatu, nyuma ya reli iendayo Suwałki,
hatua kumi na nane kwa tisa, na kibanda cha mbao
ambacho mlango wake haujawahi kufunga sawasawa.

Alipanda Mei, baada ya kuwapisha Pankracy, Serwacy na Bonifacy,
watakatifu watatu wa baridi,
na Zofia anayewafuata nyuma na jalidi ya mwisho.
Alichora mstari kwa mpini wa reki,
akazika vifundo kina cha kiungo kimoja cha kidole,
akakanyagia udongo kwa kisigino, taratibu,
kama mtu anayezima sigara ambayo bado anaitaka.

Kisha zikaota. Mashina mekundu kama nyuzi,
majani mawili mawili, bega kwa bega.
Hapo ndipo nilipokimbia.
"Lazima tupunguze," alisema. "Zikisongamana hivi
zote zitabaki mikia ya panya."
Nami nikajipa shughuli: kusugua birika lililo safi,
kumfokea paka asiye wetu.
Miaka thelathini na mmoja sikumwona akichagua.

Jioni aliingia na ndoo ya majani machanga,
nikapika supu bila kuuliza imetoka wapi.
Nilijua.
Nilijua kama mtu anavyojua bei
ya kitu asichotaka kununua.

Mwaka huu nimepanda mwenyewe.
Mkono ulitetemeka, mbegu zikamwagika palipomwagika,
na Juni zikatoka kama nywele za mtoto aliyelala vibaya.
Nikaahirisha wiki. Nikaahirisha na ya pili.
Wincenty wa kiwanja cha jirani
(hakusemezana na Zenon tangu ule ugomvi wa mpira wa maji)
alisimama kwenye uzio, akautazama mstari wangu,
akakohoa, akaenda zake.
Kikohozi kile nilikielewa vizuri sana.

Jumamosi nikapiga magoti.
Nikabana shina kwa vidole viwili.
Nani abaki? Aliyenona? Aliyenyooka?
Au yule tu ambaye mkono haukumfikia?
Niling'oa. Ikatoka sauti ndogo,
kama uzi wa pindo ukifumuka.
Wa kwanza nilimwomba radhi.
Wa ishirini nikamwambia, haya, sogea.
Kufika katikati ya mstari nilikuwa namfokea Zenon kwa sauti,
kwa kuondoka kabla hajanionyesha
ni ngumi moja au mbili kati ya mmoja na mwenzake.
Nikapima ngumi yangu. Ni ndogo kuliko yake.
Nikaacha moja na nusu.

Ndoo ikajaa.
Majani, mashina, vijizizi vyembamba kama penseli,
viazi vipya, shibiti, maziwa yaliyoganda,
yai la kuchemsha likakatwa nusu kwa nusu.
Nilipofunua sufuria nikakuta supu ya watu wawili.
Mkono haujui hesabu mpya.

Basi nikajaza mtungi wa kioo, nikaupitisha juu ya uzio.
Wincenty aliushika kwa mikono yote miwili,
akaitazama ile rangi ya waridi isiyo na aibu.
"Zenon alikuwa anaiba maji yangu," akasema.
"Najua," nikamjibu. "Bitiruti ziliyanywa.
Kunywa na wewe."

Jumatatu nikaukuta mtungi juu ya nguzo,
umeoshwa, mfuniko umegeuzwa ukauke.
Na mpira wake wa maji, ule ule wa kijani wenye kiraka,
umelala upande wangu wa uzio,
mdomo wake mwanzoni mwa mstari,
unavuja kidogo.

Nimeuacha uvuje.