Jani la Hewani

Nimevunja jiwe la lava kwa nyundo ya marehemu mjomba,
nikalichekecha kwa chandarua chakavu.
Nimeosha mara saba, bado maji yanatoka meusi
kama siku ile mlima uliposhuka mjini bila hodi.

Sanduku ni la plastiki, lilikuwa la mikate ya Masika.
Kifuniko kina ufa; nimeuziba kwa utepe.
Taa inakula betri ya pikipiki, maana umeme wa Katindo
una hiari yake.

Mimea ilitoka kwenye tangi la samaki
la hoteli iliyofungwa. Mlinzi aliniuzia kwa bei ya mchicha:
"Haya ni ya ndani ya maji. Ukiyatoa, yanakufa."

Na kweli, wiki ya kwanza yalikufa.
Yalilala juu ya changarawe kama nywele zilizolowa,
yakawa ute, yakanuka.
Binti yangu Kavugho akauliza kama namwagilia maiti.

Sikumjibu. Nilifunika.
Nilipuliza maji asubuhi na jioni,
nikafuta jasho la kifuniko pembe moja tu,
nipate pa kuchungulia.

Siku ya kumi na tisa, chini ya ute,
jani.
Si lile la zamani. Dogo, nene, gumu kama ukucha wa mtoto,
limejua hewa na hakuna aliyelifundisha.

Kavugho amebandika pua kwenye plastiki.
Pumzi yake nje, pumzi ya jani ndani,
ukungu pande zote mbili,
na mimi, kitambaa mkononi, sijui nifute upi.