Kidude cha Kikombe

Alhamisi, hodi tatu: Glenys,
na baridi ya Swansea mabegani.
Haniulizi naona vidole vingapi;
hayo ni ya hospitali.
Ananibandikia vitone vya mpira kwenye jiko:
kimoja moto wa wali,
viwili moto wa chapati.
Cha tatu nimekikataa. Sipiki kwa pupa.

Kisha kidude cha kuning'iniza ukingoni mwa kikombe;
chai ikikaribia kujaa, kinalia kama kifaranga.

Leo nimemmiminia yeye.
Mkono ukatetemeka, kidude kikalia, nikaacha.
Akanywa. Akanyamaza kidogo.
"Sukari umesahau."

Sikusahau. Niliitanguliza, vijiko viwili,
nikisikiliza chembe zikigonga kikombe kitupu.
Namsogezea kijiko:
hajakoroga tu.