Zanda Zingapi

Nusu ya uwanja wetu ilichukuliwa na matofali
ya darasa linalojengwa tangu mwaka juzi.
Tukabakiwa na sakafu ya saruji, hatua kumi na nane kwa kumi,
na ufa katikati, umepinda kama mto kwenye ramani.
Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Mpira siujui.
Nilikabidhiwa filimbi kwa kuchelewa mkutanoni.

Basi nikajifunza nao.
Mpira wa futsal ni mzito, haudundi;
ukiupiga kwa hasira unakaa palepale, unakutazama.
Hautaki teke, unataka wayo:
uvute, uusukume, uuviringishe ubavuni,
kama mpishi na chapati asiyotaka ichanike.

Chupa tulizijaza mchanga, tukazipanga zigizagi.
Wiki ya kwanza mguu wa kulia. Wiki ya pili wa kushoto,
na hapo mabingwa wa Langoni wakaanguka
mmoja mmoja, kama wageni kwenye ngazi za gati zenye mwani.

Famau hakuanguka. Famau aliinama.
Chenga anazo za kuuza: tobo, kanzu,
na ile ya kugeuka, ukabaki unasalimiana na hewa;
ila macho yake na mpira ni chanda na pete.
Huwapita watu watatu, akaenda kugonga ukuta.

Nikamtoa uchochoroni, nyuma ya shule,
upana wa mikono miwili, kuta za matumbawe zinazochuna viwiko.
"Mguu unajua mpira ulipo. Nitazame mimi."
Nikasimama mwisho wa kichochoro, nikainua mkono.
Wenzake, juu ya kibaraza, wakapiga kelele:
"Mato yuu, Famau! Zanda zingapi?"
"Ziwili!"
Vilikuwa vitatu.

Siku ya tano akatokea punda wa saruji kwenye kona.
Mpira ukapita kati ya miguu yake yote minne.
Punda kala tobo! Shule nzima ikacheka,
na Famau akacheka akitazama chini.

Juma la tatu lilikwisha hivyo. La nne pia, karibu.

Jana, saa kumi, nikainua mkono.
Wayo ukavuta, ukaviringisha, ukavuta.
Kichwa hakikushuka.
"Zinne," akasema,
"na cha tano, mwalimu, kimefungwa kitambaa.
Umejikata na nini?"

Kopo la maziwa, asubuhi na mapema.
Ofisini hawakukiona, wala nyumbani.
Mpira ulikuwa bado unakuja, taratibu, chini ya mguu wake,
nami nimesahau kupuliza filimbi.