Mgongo wa Mkono

Kwanza ilikuwa harufu.
Si moshi bado; harufu ya kitana cha plastiki
kilichosahauliwa karibu na jiko la mkaa.
Nikafungua kabati la ukumbini: soketi yenye saa,
ile ya pauni nane, shavu lake moja limelegea,
na mnavu wangu umesimama chini yake,
kijani kibichi, hauna habari.

Desemba ya Dundee, jua huaga saa tisa na nusu
bila hata kuketi kunywa chai.
Ghorofa ya nne. Ngazi moja ya mawe, kaya nane.
Nyuma ya ukuta wa kabati analala Semeni,
miaka mitano, mdomo wazi.
Nilizima swichi kuu, nikachomoa plagi, nikakaa sakafuni,
nikaanza kuhesabu vichwa vya ngazi nzima.

Kwenye boksi waliandika: ampea kumi na tatu.
Hawakuandika kwamba taa hizi, zikiamka zote sita,
huvuta pumzi moja kubwa kama mzamiaji aliyeibuka,
na ule ulimi mwembamba ndani ya saa ndio unaoungua,
leo kidogo,
kesho kidogo.

Baba alikuwa fundi umeme kiwanda cha mkonge, Korogwe.
Hata alichokwisha kukizima na kukipima
alikigusa kwanza kwa mgongo wa mkono.
"Kiganja hushika, Mwanahija. Mgongo hukimbia."
Vidole alikuwa navyo tisa.
Cha kumi hakukizungumzia.

Basi nikajenga. Jumamosi tatu,
meza ya jikoni imetandikwa magazeti.
Sanduku la chuma. Ndani yake kontakta ya ampea ishirini na tano,
nene kama kipande cha sabuni ya mche:
sasa saa haibebi mzigo, ni karani tu,
inasaini, kuli anabeba.
Waya wa kijani na manjano nikaufunga kwenye kiwiliwili,
mwingine kwenye mlango,
maana mlango nao ni chuma, na mlango husahauliwa.
Kila ncha nikaivika kofia yake ya shaba, nikavuta.
Iliyochomoka nikairudia.
Nyaya nikaziacha zilegee chini ya sanduku
kama tumbo la mbuzi mwenye mimba,
ili tone likifuata waya lidondokee hapo,
lisipande kuingia ndani.

Sikujua kila kitu. Hilo ndilo gumu kuliandika.
Nikampigia Ishbel Cargill, fundi mwenye leseni,
akaja na mita yake na viatu vyenye theluji,
akatazama muda mrefu bila neno.
Kisha akachomoa fyuzi yangu, akaiweka kiganjani mwangu:
"Kubwa mno. Waya utakufa kabla yake.
Fyuzi ndiyo inayopaswa kufa kwanza. Ndiyo kazi yake."
Akatia ndogo. Akaongeza kikata umeme
kinachosikia hata uvujaji mdogo,
akakibonyeza mbele yangu, giza likaingia kabatini.
"Fanya hivi kila mwezi," akasema. "Usinisahau."
Pauni tisini. Nililipa taslimu
na sikuomba kupunguziwa, mimi niombaye punguzo hata posta.

Mzee Geddes wa ghorofa ya tatu
alikuwa ameona mwanga wa zambarau chini ya mlango wangu.
Aliuliza, kwa adabu nyingi, kama nalima bangi.
Nikampa fungu la mnavu.
Aliupika kwa siagi. Akasema ni mchungu.
Akarudisha bakuli, akasimama pale mlangoni, haondoki,
mpaka nikalijaza tena.

Saa kumi na mbili asubuhi: tak.
Semeni anageukia ukutani.
Nimetoka zamu ya usiku, koti bado mwilini.
Majani yanapata jua lao la kununua.
Naweka mgongo wa mkono juu ya sanduku.
Baridi.
Navua koti, nachemsha maji,
narudi, naweka tena.