Mungu si Athumani

Mimi ndiye Athumani.
Yule wa kwenye msemo, ambaye Mungu siye.
Shuleni Buguruni mwalimu akiutamka
darasa zima linageuka kunitazama,
kana kwamba niliwahi kuiomba kazi ile
nikakosa sifa.

Imani iliniisha kama mtu anavyoacha sukari:
kijiko, halafu nusu,
halafu siku moja unaonja chai ya jirani, unashangaa.
Hapakuwa na radi.
Nilikuwa nimelala chali chini ya sinki la mtu Kinyerezi,
maji yananidondokea machoni,
adhana ikapita juu ya mabati. Nikaisikiliza inavyopendeza,
nikagundua kwamba
nasikiliza tu.

Kituoni, nilipoibiwa spana na mashine ya kukatia bomba,
koplo aliuliza jina, kabila, umri, kazi.
Dini?
Sina, afande.
Akaweka kalamu chini.
"Athumani gani hana dini?"
Akaandika Mwislamu, kwa huruma,
kama unavyomfunga mtoto vifungo vya shati.
Sikubisha. Nyuma yangu foleni,
na spana zilikuwa zimeshauzwa.

Lugha nayo hainiachii.
Nikijikwaa, Mungu wangu. Nikipona, alhamdulillahi.
Mteja akiuliza kama kesho nitafika, nasema inshallah,
naye anajua, kwa uzoefu, kwamba siji.

Mama anajua.
Hatujawahi kuliongea.
Ramadhani ikiingia anafunika sahani yangu kwa kawa,
anaiacha jikoni nyuma ya ndoo, anasema kwa sauti, wageni wasikie:
"Zile dawa zako usinywe na njaa."
Siumwi chochote.
Ugonjwa kautunga yeye, mwaka wa tisa sasa, wala hajaupa jina.
Magharibi ikikaribia namtolea kokwa kwenye tende,
moja moja, naye ananiachia.

Kisha mkutano wa mtaa, Tabata Kimanga, habari ya mtaro.
Sheikh Mbwana kachelewa, mchungaji yuko semina Morogoro.
Mwenyekiti, Bi Tausi, akaangaza macho, yakatua kwangu.
"Fundi, tufungulie kwa dua."
Vichwa vikainama kabla sijakataa.

Hamjui watu mpaka muwaone hivyo.
Upara wa mzee Kilasi, una kovu.
Kofia yenye doa la rangi ya mlango.
Mama Kulwa, kanga imeshuka, shingo yake nyembamba kama ya mtoto.
Mimi peke yangu nilikuwa nimefumbua macho.
Nikasema nilichokuwa nacho:

"Mtaro huu tuliuziba wenyewe.
Pampasi zetu. Chupa zetu. Godoro la nani, sijui.
Mvua ya Aprili ilimpitia humu Kulwa, wa miaka sita,
na Doto bado analala upande mmoja wa kitanda.
Asiende mwingine.
Jumamosi, saa moja asubuhi, kila nyumba jembe moja."

Kimya. Mbwa akabweka huko gereji.
Halafu Amina, ya watu kama mia,
na mimi, nimechelewa kidogo,
Amina.

Mzee Kilasi akanishika mkono asiuachie.
"Kijana, una karama."
Nikamwambia nina spana mpya tu, na za mkopo.
Mama Kulwa hakusema kitu. Alipita, akanigusa bega,
na hilo bega mpaka leo sijui nilifanyie nini.

Jumamosi yalikuja majembe arobaini na moja
na reki tatu. Nyumba nyingine zililala.
Sheikh Mbwana alipandisha kanzu, akaifunga kiunoni,
akaingia kwenye tope mpaka magotini,
akaniuliza, polepole, wengine wasisikie,
ile dua niliielekeza wapi.
Nikamwonyesha kwa reki: pale, kwenye kona,
panapoziba.

Akacheka mpaka akashika kingo.
"Mungu si Athumani," akasema.
Najua, sheikh.
Shika upande ule, tuvute.