Lawama za Bizari

Leo wino waachia
siri niliyofukia;
miaka saba yangia
tangu kisa cha nyumbani.

Mabela tulihamia,
nyumba rangi ya ngamia,
joto likituvamia
hata saa ya jioni.

Mume wangu ni Nasori,
kanzuye kama kafuri,
na ubani na uturi
humwandama barazani.

Mamaye, Bibi Shinuna,
mkali asotukana,
usafi wake bayana
tangu enzi za Vugani.

Na paka wetu Bizari,
mwizi wa nguru hodari,
hajaye huwa ni siri,
hufukia mchangani.

Nasori akaamua
majilisi kupanua;
mamaye kamchukua,
kamuweka ghorofani.

Sanduku nalo la paka
pembeni likaondoka,
kwa mashine likafika
ya nguo, ushorobani.

Ikianza mzunguko
ni kishindo na mruko,
paka mbio hadi huko,
mchanga u miguuni.

Siku ya kwanza, zulia;
ya pili akarukia
kanzu iliyonukia
udi wa msikitini.

Nasori alipojua,
kofia akaivua,
akaapa: “Namtoa,
aishi Sibu sokoni!”

Nikamwaga jiki tele,
harufu ikawa ile;
Bi Jokha kaja na yale
ya shetani na ya jini.

Akanong'ona: “Kijicho!
Mtazame kwenye macho,
kuna kitu aonacho
tusichokiona ndani.”

Nikanunua mchanga
wa waridi, bei janga;
Bizari akaupinga,
akachutama ngazini.

Tabibu wa Azaiba
kibofu akakikaba,
riali kachota saba:
“Mzima huyu, rudini.”

Akauliza kwa pole,
“Sanduku li pale pale?”
Nikaikumbuka ile
ngurumo ya mashineni.

Nikalirudisha kwake,
pembeni, mahali pake;
Bizari na kucha zake
akafukua kwa shani.

Wiki nzima hakukosa,
Nasori kaacha visa,
lakini ghorofa hasa
ilinuka, si utani.

“Paka tena!” alilia,
ndara akamrushia;
Bibi akaangalia,
ulimi u mdomoni.

Mkononi tasibihi,
chai yake asubuhi
hakuigusa; wajihi
umeelekea chini.

Usiku wa saa nane
nikapanda nikaone,
nikitaka nimbane
Bizari ukorofini.

Nikamkuta Shinuna
ameinama, aguna,
shuka mbichi akibana
aifiche kabatini.

Ngazi ishirini nzima
hadi choo, naye mama,
magoti yakimuuma,
hakusema asilani.

Hakulia, hakukana;
tulitazamana sana;
paka naye katuona,
kajilaza ubavuni.

“Ni paka,” nikatamka,
shuka mpya nikaweka,
naye Bibi akacheka
kicheko cha machozini.

Asubuhi nikasema:
“Paka yu kwake salama,
ila amtaka mama
arudi chumba cha chini.”

Viti sita tukauza,
ukuta tukarejeza,
Nasori hakuuliza;
huenda alibaini.

Sasa Bibi keshalala,
Mola ampe fadhila;
Bizari, mzee, hula
nguru wake mkononi.

Aliyebeba lawama
asiyeweza kusema,
leo namlipa nyama,
mchanga safi, laini.