Ligeuze

Mimi ni fundi wa mizani, sokoni Tandale,
banda la pili ukishavuka mfereji.
Wenzangu walitengeneza. Mimi nilipunguza.

Jiwe la kilo unaligeuza kama kobe.
Tumboni lina tundu lililozibwa kwa risasi,
na juu ya risasi pana mhuri wa serikali.
Unachokonoa taratibu, kwa keekee ya mkono,
maana ya umeme ina kelele
na kelele huzaa mashahidi.
Unajaza nta ya mshumaa, unapaka kiwi nyeusi,
unapuliza.
Gramu themanini. Nani atazikumbuka?

Kinunda alinilipa elfu kumi kila jiwe.
Yeye aliyemchukulia mkulima wa Kibaigwa
gunia la lumbesa, lenye kichwa na shingo,
ndiye huyohuyo aliyempimia mama lishe
kwa mkono wangu.
Jiwe la kununulia, jiwe la kuuzia:
Jumapili moja nilisikia yakisomwa hayo madhabahuni,
kwamba Bwana huyachukia yote mawili.
Nikatazama viatu vyangu.
Kisha nikatazama vya Kinunda, benchi la mbele.
Vyake vilikuwa vizuri zaidi.
Nikasema moyoni: kumbe Mungu hana haraka.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu.
Nilidhani asiye na haraka hayuko kazini.

Zamani mfalme mmoja, mezani, na vikombe vya wizi,
aliona vidole vikiandika ukutani.
Ukuta wangu una ukungu, usingesomeka.
Mimi niliandikiwa wodini, Mwananyamala,
saa kumi alfajiri, kwa tarakimu nyekundu:
kilo moja na gramu mia saba.

Muuguzi alimwinua mwanangu, akamlaza tena
kama mtu asiyeiamini mizani.
Niliijua ile tabia,
wateja wa Kinunda walikuwa nayo.
"Mama alikuwa anakula nini?"
Ugali, dada. Maharage. Sikumnyima,
kila siku niliacha hela ya kilo juu ya kabati.
Nakiete akajibu kitandani, uso ukutani:
"Kilo ya kwa Kinunda."

Miezi tisa mwanangu alikuwa anapimiwa
gizani, tumboni mwa mama yake,
kwa jiwe nililolitoboa mimi.

Basi msinitishe kwa moto na kiberiti,
miji iliyoungua iko mbali na Tandale.
Hukumu yangu ilienea kwenye viganja viwili
na ilikuwa inapumua.
Mchungaji alikuja na chupa ya uji, akaniambia
Mungu haadhibu vitoto.
Nataka kumwamini. Usiku hunijia wazo jingine:
huenda hakutuma kitu chochote.
Huenda alinisemesha, akanisemesha tena,
kisha akaondoa mkono wake begani mwangu
akaniacha nimalize kazi.

Tulimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi,
mchana mama, usiku mimi,
nikinuka kutu na mafuta ya mashine.
Alhamisi tukampeleka tena kupimwa.
Muuguzi akatabasamu, akaandika kwenye kadi.
Nakiete aliisoma akakaa chini, pale pale sakafuni,
akalia kwa sauti ya mtu aliyelipwa deni:
ameongeza gramu themanini.

Niliyatoboa mawe thelathini na tatu.
Thelathini na mawili yangali sokoni, yanapima
muda huu unaosoma.
Nimepita kwa wenyewe, banda kwa banda.
Wawili wamenicheka, mmoja amenionyesha panga,
Kinunda ameniuliza nataka kiasi gani ninyamaze.

Moja nimelirudisha.
Jumapili iliyopita nililiweka kwenye kapu la sadaka,
kapu likainama.
Mzee Elinihaki akalitoa, akalipima kwa kiganja,
akanong'ona, "Fundi, hili si jiwe zima la kilo?"

Nikamwambia, "Ligeuze."